Namba Yoyote

Mpanda ya miaka ya tisini, ukitaka kumjua mwanamke anayechezea shirika, huulizi jina. Unauliza, "Yule anacheza namba gani?" Jina utaambiwa baadaye ukiwa na bahati. Mimi nilikuwa GS kwa miaka mingi, na mpaka leo kuna mzee mmoja pale sokoni akiniona nakuja na fimbo yangu anapaza sauti, "GS! Bado unafunga?" Namjibu, "Nafunga mzigo wa kuni, baba." Anacheka mpaka anakohoa. Mimi sioni cha kuchekesha.

Kwetu sisi watu wa mpira wa pete, namba ni nafasi yako uwanjani. Ukikaa benchi, huna namba. Akija mwenzio akakuweka benchi, amekunyang'anya namba. Na wala si namba yenyewe, ni herufi zilizoshonwa kwenye kitambaa unachofunga kifuani. GS na GA ndio wafungaji, GD na GK ndio wazuiaji, wengine wa katikati wanakimbia tu kama wametumwa. Nani alianza kuziita herufi namba, simjui. Angejua neno hilo litakuja kunifanya nini, angetafuta lingine.

Nilianzia nyuma kabisa. Shule ya msingi, kijijini kwetu Kibaoni, nilirefuka mapema kuliko wenzangu, mwalimu akanitazama mara moja akaniambia, "Wewe GK. Kazi yako mikono juu. Usifikiri." Goli letu lilikuwa mdomo wa ndoo chakavu uliopigiliwa misumari kwenye mti. Nikasimama chini yake mikono juu, sifikiri, na watu wakashindwa kufunga. Kumbe kurefuka nako kuna mwisho. Kufika darasa la saba wenzangu walikuwa wamenifikia na wengine wamenipita, nikawa kama mtu aliyewahi foleni halafu dirisha likafunguliwa upande wa pili.

Ndipo nikajifunza kufunga. Nilitundika tenga juu ya kibanda cha kuku, nikawa narushia mapapai mabichi. Mama alinichapa. Mapapai yale alikuwa anayangoja yaive akauze, na mimi nayavunja moja moja. "Utaolewa na mpira wewe!" alinifokea. Lakini mkono ulikubali. Siku moja aliponikuta natupia tena, alisimama na ungo wake akahesabu kwa macho yanayoingia, halafu akasema, "Sasa angalau tumia yaliyooza."

Nilipomaliza shule nikaenda Mpanda kwa mama mdogo, aliyekuwa anauza mchele sokoni. Jioni wanawake wa soko tulicheza kwenye uwanja wa vumbi karibu na stesheni, wengine na vitenge vyao, wengine peku. Siku moja alikuwa anapita meneja wa shirika la mazao, lile lililokuwa na maghala ya tumbaku kando ya reli. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: mpira wa pete. Akasimama. Akamuuliza mama mdogo, "Huyu binti anafanya kazi wapi?" Mama mdogo akajibu, "Anapepeta mchele." Meneja akasema, "Kesho aje ofisini."

Sikuandika barua ya maombi wala sikuulizwa cheti. Kesho yake nilikuwa tarishi wa shirika, nazungusha mafaili kutoka chumba hiki kwenda kile, na jioni mimi ni GS. Nikapewa chumba kwenye kota za shirika. Chumba kimoja, bati zima, sakafu ya saruji, na hospitali iko jirani tu. Nilipokiona kwa mara ya kwanza nililia, sina aibu kusema.

Miaka ile, jamani, usiniulize. Tulikuwa tunapanda treni mpaka Kaliua, tunabadilisha, tunakwenda Tabora kucheza na mashirika mengine, nyimbo njia nzima, na mahindi ya kuchoma ya Kaliua mdomoni. Nikidaka mpira ndani ya duara, watu walikuwa wanageuka kurudi katikati kabla sijarusha. Walishajua. Nilikuwa na maringo, tena makubwa. Wazuiaji niliwaita "kinamama wa kanga", maana kutwa mikono juu kama wanaanika nguo. Nilisahau kabisa kwamba na mimi nilianzia kuanika.

Halafu mama akaugua. Kisukari, na kidonda mguuni kisichopona. Kibaoni palikuwa na zahanati tu, dawa leo ipo kesho haipo. Daktari wa Mpanda aliniambia waziwazi: kidonda hiki kisafishwe kila siku, hapa hospitali, kikiachwa mguu utaondoka. Nikamleta kwenye kile chumba changu cha kota. Kila asubuhi kabla ya kazi namshika mkono, tunavuka barabara, anasafishwa, tunarudi. Alilalamikia kila kitu: saruji baridi, majirani wanafunga milango mchana, mwanamke mzima kuvaa kisketi mbele za watu. Lakini kidonda kilianza kukauka pembeni, na usingizi akapata.

Ni wakati huohuo neno lile likaingia Mpanda. Kupunguza. Redio ilisema, ofisini wakasema, sokoni wakasema. Mashirika yanapunguza wafanyakazi, serikali haiwezi kubeba mzigo. Mimi nilijua kupunguza chumvi, kupunguza mwendo. Kumpunguza mtu nilikuwa sijasikia. Wakaanza na walinzi na madereva. Mtu anaingia ofisini mzima, anatoka amepunguzwa, anatembea polepole mpaka geti bila kujua mikono aiweke wapi. Na aliyepunguzwa kota anarudisha. Kazi ingeondoka ningerudi kupepeta mchele, sijali. Lakini kota ikiondoka, hospitali imeondoka, na mguu wa mama umekwenda nayo.

Meneja akatuita uwanjani baada ya mazoezi. Akasema, kwa sauti yake ile ya upole, "Wengine siwezi kuwaahidi. Lakini timu yangu haiguswi. Mwenye namba, ana kazi."

Loh! Wiki iliyofuata ungecheka mpaka ulie. Wanawake wa ofisi nzima wakajaa mazoezini. Mhasibu, mtu wa heshima zake, alikuja na viatu vya kanisani. Mpiga chapa ambaye miaka yote alisema sisi ni wahuni, akaomba afundishwe kudaka. Kocha wetu, mzee msimamizi wa ghala, aliwatazama wanavyodondosha mipira, akavua kofia akajipepea. "Nyie mama zangu," akasema, "mimi nina nafasi saba tu. Sikuziumba mimi." Mhasibu alilia palepale, viatu vikiwa na vumbi.

Mimi sikulia, mimi ndiye GS. Nilikuwa na siri moja tu, goti la kulia. Lilikuwa linavimba kila nikitua. Mama alikuwa analikanda kwa mafuta ya nyonyo, mguu wake mbovu ameunyoosha kwenye stuli, goti langu amelishika mapajani. "Tumebaki na miguu miwili tu humu ndani," alikuwa akisema. "Wako mmoja na wangu mmoja."

Basi akaja yule binti. Alitoka Majimoto, wazazi wake Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Aliletwa ghalani kama kibarua wa kupanga majani ya tumbaku, analipwa ya siku. Mrefu! Alikuwa akiingia mlango wa ghala anainama bila kufikiri. Kocha alipomwona tu nilijua yamenikuta. Kibarua haruhusiwi kuchezea shirika, lakini meneja alitaka kombe, na mtu mwenye ugonjwa haulizi dawa imetoka wapi.

Siku ya kwanza mazoezini alikuja kwangu, akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama."

Nilikuwa na miaka thelathini na kidogo! Nikamwambia, "Mama yako nani hapa? Nimekuzaa lini mimi?"

Mtoto wa watu akaogopa, akataka kurekebisha. "Samahani, bibi."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata kocha alijishikilia kwenye nguzo. Kisha akarushiwa mpira, akaudaka mkono mmoja, akanyoosha tu, akauweka ndani ya ringi kama mtu anayeweka sahani kabatini. Kicheko kikaisha. Kabla mwezi haujaisha kitambaa cha GS kilikuwa kifuani kwake.

Nikamfuata kocha ghalani, katikati ya marobota. Nikamwambia, "Nipe GA." Akanipa. GA naye anafunga, lakini anakimbia nusu ya uwanja, na goti langu halikuwa na habari na kukimbia. Nilijitahidi msimu ule, nikirudi nyumbani nashika ukuta. Nikapelekwa katikati, nako ni mbio tupu. Kila mabadiliko yalikuwa yananirudisha nyuma kidogo, kutoka goli nililokuwa nafunga kuelekea goli la kuzuia. Mama aliniuliza, "Leo umecheza wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Ukiendelea kurudi hivyo utajikuta Kibaoni."

Kisha GK wetu akapata ujauzito. Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko mumewe. Nikaenda kwa kocha mbio, kama goti si langu. Akaniuliza, "Wewe? Mama wa kanga?" Kumbe maneno yangu yalikuwa yamefika. Nikamjibu, "Nimeleta kanga zangu nianike." Akanipa kitambaa.

Nilidhani nitakuwa nasimama mikono juu, nisifikiri, kama Kibaoni. Thubutu! Urefu ule haukuwepo tena, na goti halikuwa la kuruka. Ilibidi nifikiri. Na kitu kikanijia polepole, mazoezini, nikiwa nimesimama uso kwa uso na yule binti. Mfungaji kabla ya kurusha huwa anapumua. Anavuta pumzi, magoti yanakunjika kidogo, ndipo mkono unapanda. Mimi nilivuta pumzi hiyo miaka yote bila kujua, na wazuiaji wote niliowacheka hawakujua. Nikawa siutazami mpira. Natazama kifua chake. Kikijaa, mkono wangu unaanza safari. Sikuhitaji kuruka juu, nilihitaji kuruka mapema. Siku ya kwanza nilipougusa mpira wake angani aliniangalia kama nimemwibia.

"Dada, umejuaje?" akauliza. Angalia, nimeshapanda kutoka bibi mpaka dada.

"Unapumua," nikamwambia.

"Sasa nisipumue?"

"Ujifunze kupumua mapema."

Akajifunza, mshenzi. Basi na mimi nikatafuta kingine, vidole vya miguu, kona ya jicho. Jioni kwa jioni tulikuwa tunakomeshana hivyo, yeye anafunga, mimi nazuia, kila mmoja anamnoa mwenzie. Sijawahi kucheza mpira mzuri kama ule maishani, na wala sikuwa mfungaji. Kama isingekuwa hofu ningesema nilikuwa na furaha. Lakini nilikuwa naamka na hofu na nalala nayo. Kila mtu mpya akionekana karibu na uwanja, nampima kwa macho urefu wake.

Mwaka ule wageni wa michezo walikuja kwetu, timu ya shirika moja la Sumbawanga, maana siku hizo tulikuwa mkoa wa Rukwa na Sumbawanga ndiyo makao makuu. Uwanja ulijaa mpaka relini. Mama nilimweka pembeni kwenye stuli yake, mguu umefungwa bandeji safi. Meneja alikuwa amekaa na wakubwa kutoka makao makuu ya shirika, na mmoja wao, mwenye miwani, hakupiga makofi hata mara moja. Nikajua ndio wapunguzaji wenyewe. Nikajiambia, leo usipoonekana, basi.

Nilionekana. GS wao nilimsoma kama bango. Mbele, binti yetu alikuwa anaweka sahani zake kabatini. Mpaka robo ya tatu, alipotua vibaya, kifundo kikapinduka, akabaki chini anapiga mchanga kwa kiganja. Tukambeba nje. Kocha akatugeukia, jasho linamtiririka. "GS nani?"

Nikasema, "Mimi."

"Na goti?"

"Goti ni langu, mzee. Nipe kitambaa."

GD akarudi nyuma kuwa GK, wa benchi akaingia GD, na mimi nikavaa herufi zangu za zamani. Siwezi kukudanganya kwamba niliruka. Nilisimama mguu mmoja kama korongo, nikadaka, nikarusha. Nilijua mzuiaji wao ananitazama wapi, kwa hiyo nikawa nabana pumzi, nampumulia uongo, anaruka, anashuka, ndipo narusha. Magoli yakawa sawa. Refa akawa anatazama saa. Mpira wa mwisho ulinifikia pembeni kabisa ya duara, pale ambapo hata enzi zangu nilikuwa nasita. Nikasikia sauti ya mama, nyembamba, juu ya kelele zote: "Tumia yaliyooza!" Nikarusha. Ukazunguka kwenye ringi, ukazunguka, ukaingia.

Meneja alikimbia uwanjani na viatu vyake vya ofisini, akanishika mikono yote miwili. Nilimtafuta mama kwa macho nikamwona anafuta uso kwa ncha ya kanga. Nikasema moyoni, mguu umepona. Nilisema hivyohivyo, mguu umepona.

Jumatatu nikaitwa kwa meneja. Nilichukua mafaili yangu kwapani kama kawaida, nikidhani nitapongezwa. Nje ya mlango, kwenye lile benchi letu sisi matarishi, alikuwa amekaa meneja mwenyewe, na begi lake miguuni.

"Mzee," nikamwambia, "mbona umekaa huku?"

"Ingia tu, GS," akasema. Hakuniangalia.

"Si ulisema timu haiguswi?"

"Nilisema, mwanangu. Nilikuwa bado nina kiti."

Ndani, kwenye meza yake, alikuwa amekaa yule mwenye miwani. Hakuwa mkali, nisimsingizie. Alikuwa amechoka tu, macho kwenye karatasi zake. Nikamwamkia, akaitika. Akauliza bila kuinua uso:

"Namba gani?"

Nikajibu haraka, "GK."

Akainua uso. Nikaona hajaridhika. Nikaona mguu wa mama. Basi mdomo ukafunguka wenyewe. "Lakini juzi nilicheza GS mzee, ulikuwepo, uliniona, goli la mwisho ni langu. Na GA naweza, goti likipoa. Katikati pia nimecheza. Nilianza nyuma, nikaja mbele, nikarudi nyuma, zote nazijua. Namba yoyote, mzee. Nipe namba yoyote."

Alivua miwani. Akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "Dada, nakuuliza namba yako ya kazi."

Sikuikumbuka. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilibeba mafaili ya watu wote wa shirika lile, la kwangu sijawahi kulifungua. Akaitafuta mwenyewe, akaipata, akaikata kwa mstari. Nikatoka, nikapita benchi, na kweli, mikono sikujua niiweke wapi.

Tulipunguzwa timu nzima, kocha pia. Aliyebaki ni yule binti peke yake, kifundo kimevimba, anapanga majani ghalani. Yeye kibarua, hakuwa na namba ya kazi, sasa wampunguze nini? Aliponiona nimesimama mlangoni alisogea, akapangusa mahali sakafuni. "Kaa hapa dada. Kuna kazi mpaka msimu uishe." Nikakaa. Akanionyesha, majani marefu huku, yenye madoa kule. Nikaanza kupanga.

Msimu ukaisha, na kota wakaitaka. Nikapanga chumba mbali, mama akashindwa kutembea mpaka hospitali, nikawa nambeba kwenye baiskeli ya kuazima, leo tunafika kesho hatufiki. Chumba nacho kikanishinda. Mwisho akasema mwenyewe, "Nirudishe kwetu, umekwisha wewe." Nilimpandisha juu ya lori la magunia kwenda Kibaoni. Zahanati ilikuwa vilevile, dawa leo ipo, kesho haipo. Niliosha kidonda kile kwa maji ya chumvi, kwa kila kitu nilichoambiwa na kila mtu aliyenionea huruma, na kila asubuhi nafungua bandeji huku nimefumba macho kwanza.

Tulirudi Mpanda masika yaliyofuata, yeye akiwa na homa kali, na hospitali ile jirani na kota wakamkata mguu juu ya goti. Nilikaa pembeni ya kitanda mpaka akazinduka. Alitazama dirishani, akatazama shuka lilivyolala bapa upande mmoja, akalipapasa kwa mkono. Kisha akanigeukia, akanitafuta kiganja, akanishika.

"Usilie," akasema. "Sasa tumepunguzwa wote."